KAZI YA KANDO: KUGEUZA TRELA NA KONTENA KUWA CHUMBA CHA KUISHI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa karakana ya mabehewa mbele ya wanachama wa tawi)



Katibu aliniomba niseme habari ya kazi ya kando ambayo wengi wetu wa karakana na wa yadi wanaiulizia siku hizi, yaani kununua trela kuukuu au kontena kuukuu, kulikata na kulijenga upya, likawa chumba cha mtu kuishi kwa kadiri ya haja yake mwenyewe. Mimi si mwalimu wala si mwanasheria. Nitasema kama mtu wa spana na nyundo anavyoweza kusema.

Neno langu kubwa nalitoa mapema, ili hata ndugu anayewahi zamu asilikose. Mfanyakazi akianza biashara yake, siku hiyo hiyo amekuwa tajiri. Mtumishi wake wa kwanza ni yeye mwenyewe, na wa pili ni kijana anayemshikia chuma. Haki zile tunazozidai kwa tajiri wetu kila mwaka, yaani malipo ya saa za ziada, siku ya kupumzika, miwani ya kulinda macho na mapatano ya maandishi, hatuna budi kuzitoa sisi wenyewe katika kazi yetu. Tukishindwa kuzitoa, biashara hiyo itatula. Sasa nieleze kwa vipande.

1. KAZI HII IMETOKA WAPI

Watu hutenga trela mbali na kontena, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark huko Marekani kwenda Houston ikiwa na masanduku 58. Mwenye shauri hilo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori, na masanduku yake yalikuwa mabodi ya trela yaliyotolewa juu ya magurudumu. Basi kontena ni trela lililovuliwa miguu.

Hapa kwetu tunayaona kila siku. Yanashuka Kilindini, na tangu Januari 2018 reli mpya huyapandisha mpaka Embakasi. Yakichoka kwa safari za bahari huuzwa, nasi tunayakuta barabarani yakiwa duka, saluni, kibanda cha M-Pesa, zahanati, ofisi ya mjenzi au chumba cha mlinzi.

Na sisi watu wa reli tusijifanye wageni wa jambo hili. Tangu njia ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wako waliolala ndani ya behewa. Nendeni Makumbusho ya Reli pale Nairobi, mtaona behewa alimolala Bwana Charles Ryall, ofisa wa polisi, kwenye stesheni ya Kima mwezi wa Juni 1900, akimvizia simba aliyekuwa akisumbua watu. Simba aliingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga wenyewe. Waliokuwa ndani wakawa wamefungiwa pamoja na simba, naye akatoka dirishani na Bwana Ryall mdomoni. Nitarudi kwenye mlango huo baadaye, kwa maana una somo letu.

2. JUA UNACHONUNUA

Kontena la futi 20 lina upana wa futi 8 na urefu wa kwenda juu wa futi 8 na inchi 6. Yako marefu zaidi, ya futi 9 na inchi 6 kwenda juu, na kwa chumba cha kuishi hayo ni bora, kwa maana utapoteza inchi kadhaa kwa dari. Tupu, la futi 20 lina uzito wa zaidi kidogo ya tani 2, na la futi 40 linakaribia tani 4. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza lori lenye kreni litapita wapi. Iko mitaa yetu ambayo hata mkokoteni hupita kwa kuomba ruhusa.

Ndani, upana ni kama futi 7 na inchi 8. Ukiweka kizuizi cha joto na mbao za ukuta pande zote mbili, unabakia na futi 7 na kidogo. Kitanda cha futi 6 kinakaa kwa upana, na hapo umeokoa nafasi nzuri. Chora chumba chote kwa chaki sakafuni mwa karakana kwa vipimo vyake kamili, mwite mteja asimame ndani ya michoro, ajigeuze na kuinama kama anayevaa viatu. Chaki hufutika bure, lakini ukuta uliokatwa mahali pasipofaa haufutiki.

Tazama kibao cha chuma kilichopigwa misumari mlangoni. Kinaonyesha mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi kinaeleza dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Sakafu ya kontena ni plaiwudi nene ya milimita 28 hivi, na kwa kawaida hutiwa sumu ya kuua wadudu kwa ajili ya safari za nchi za mbali. Mtoto hatambai juu ya mbao hizo. Ziondoe, au zifunike kabisa kwa kitu kisichopitisha mvuke kabla ya kuweka sakafu mpya. Na sanduku lililobeba kemikali usilinunue kwa ajili ya chumba, hata likiuzwa bei ya sukari.

Funga milango mchana kweupe ukiwa na mwenzako nje, utazame juu. Kila tundu la kutu litakuonyesha nyota. Halafu piga nyundo chini kwenye mihimili inayobeba sakafu, kwa maana kutu mbaya hujificha huko. Mombasa na pwani yote, chumvi ya hewa haisinzii.

Ama trela la magurudumu, hilo lina mambo yake. Linasajiliwa peke yake, na namba yake huanza na Z. Pasipo kitabu cha usajili, usitoe hata senti. Kagua ekseli, springi na breki kama unavyokagua behewa kabla halijapewa njia. Na ukijenga ndani yake, pima uzito unakaa wapi. Kwa trela dogo linalovutwa kwa ndoano nyuma ya gari, sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote zilalie ndoano. Uzito ukikimbilia nyuma ya ekseli, trela litatingisha mkia barabarani na kumgeuza dereva. Kumbuka kwamba tangi la maji la lita 300 likijaa ni kilo 300. Usiliweke mkiani kwa sababu tu nafasi ilikuwa huko.

3. KUKATA NA KUJENGA

Nguvu ya kontena iko katika nguzo zake nne za pembeni na fremu ya juu na ya chini. Hizo ndizo zinazobeba makontena mengine yakipangwa juu yake bandarini. Kuta ni bati la mikunjo lisilofika hata milimita 2 mahali pengi, lakini kazi yake ni kuizuia fremu isipinde. Kwa hiyo ukikata dirisha kubwa au ukiondoa ubavu mzima, umelitoa mbavu. Chomelea kwanza fremu ya chuma cha pembe au bomba la mraba, kisha ndipo ukate. Wanaokata kwanza hushangaa mlango mkubwa unapokataa kufunga.

Wako wanaopenda kulizika nusu ardhini ili lipate ubaridi. Hapana. Kuta hazikutengenezwa kubeba udongo, zitabonyea ndani. Liketishe juu ya zege katika pembe zake nne, lipimwe kwa pima-maji, na hewa ipite chini.

Hapa niseme neno la sisi watu wa reli. Wengi hupenda mataruma ya mbao ya zamani kwa msingi au hata kwa ngazi na meza. Mataruma hayo yalilowekwa dawa nyeusi iitwayo kriosoti, ambayo huunguza ngozi na huhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta saratani. Ndani ya chumba cha mtu yasiingie kabisa, na vipande vyake visitumike kuwa kuni za kupikia.

Rangi ya kontena pia ni ngumu, na nyingine ina risasi au kemikali nyingine za sumu. Usiichomelee ikiwa juu ya chuma. Ikwangue mahali unapotaka kuunga, ukiwa umevaa kinga ya pua inayofaa, kitambaa hakitoshi. Vivyo hivyo bati lililotiwa zinki. Moshi wake huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na fundi hudhani ameshikwa na malaria, akanywa dawa, kesho akapata nafuu, kesho kutwa akarudia moshi ule ule.

Kumbukeni mambo haya: miwani, glavu, viatu vya ngozi, ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto. Vitu hivi tunavyomtaka tajiri atupe, na tusipopewa tunamwita mwakilishi wa chama. Nyuma ya nyumba yako siku ya Jumapili, mwakilishi wa chama ni nani? Ni wewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema kwamba jicho la fundi wa nyuma ya nyumba ni rahisi kuliko la fundi wa karakana kuu.

4. MTU ATALALA HUMO

Kontena lilitengenezwa kwa ajili ya mali. Mali haipumui, haihisi joto, wala haipiki chai. Tofauti hiyo ndiyo kazi yetu yote.

Kwanza ni mlango. Milango mikubwa ya kontena hufungwa kwa makomeo ya nje tu. Aliye ndani hawezi kuifungua. Mkumbukeni Bwana Ryall. Basi chumba kiwe na mlango mpya unaofunguka kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo, na kiwe na dirisha la upande wa pili ambalo mtu mzima anaweza kutokea kukiwa na moto. Mteja akitaka vyuma vya kuzuia wezi dirishani, dirisha moja liwe na vyuma vya bawaba, vinavyofunguka kwa ndani.

Pili ni hewa. Mtu akiwasha jiko la makaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, gesi ya makaa itamuua usingizini, wala hatasikia harufu yoyote. Haya si maneno ya kutishana. Watu wamekufa hivyo hata katika nyumba za kawaida, na chuma hakina hata ufa wa kupitisha hewa. Weka matundu ya hewa ya kudumu juu na chini, yasiyoweza kuzibwa kwa gazeti. Mahali pa kupikia pawe nje au chini ya kibanda. Mweleze mteja kwa kinywa, kisha uandike katika mapatano.

Tatu ni joto na jasho. Mchana chuma huwaka kama kikaango. Weka paa la pili la mabati juu yake, liache nafasi ya futi moja ili upepo upite, na upake rangi nyeupe. Madirisha yatazamane ili hewa ivuke. Usiku, hasa kwenye baridi kama Limuru, pumzi ya waliolala hugeuka matone juu ya chuma na kudondokea blanketi. Dawa yake ni kizuizi cha joto kilichoshikana vizuri na chuma bila mapengo, pamoja na matundu yale ya hewa. Lakini kizuizi cha povu hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Usikiache wazi, kifunike kwa ubao usioshika moto haraka, na usichomelee karibu nacho.

Nne ni stima. Nyumba ya chuma yenye waya uliochunika ni mtego. Kontena lote liunganishwe na ardhi kwa waya wake, kuwe na swichi inayokata yenyewe stima ikivuja, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Mlipe. Sisi tunaojua vyuma si lazima tujue kila kitu.

5. HESABU YA JASHO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nitatoa hesabu ya mfano. Bei ni za kufundishia tu, kila mmoja ataweka za soko lake.

Tuseme ndugu amenunua kontena la futi 20 kwa shilingi 220,000. Lori lenye kreni 35,000. Vyuma, mlango na madirisha 60,000. Kizuizi cha joto, mbao na sakafu 55,000. Rangi 20,000. Stima 25,000. Jumla 415,000. Ameliuza 480,000. Anarudi nyumbani akiimba, kwa maana ameona faida ya 65,000.

Sasa tumwulize kama tunavyomwuliza tajiri. Umefanya kazi saa ngapi? Anajibu, Jumamosi na Jumapili kumi, saa nane kila siku. Hizo ni saa 160. Fundi wa kazi yake akilipwa 250 kwa saa, ni 40,000. Na kijana aliyemsaidia saa zile zile, kwa 130 kwa saa, ni 20,800. Diski za kukatia, moto wa kuchomelea, kuchakaa kwa greinda na kodi ya kiwanja, tuseme 18,000. Ongeza kwenye 415,000, unapata 493,800. Kumbe ameuza kwa hasara ya 13,800. Hasara hiyo hakuiona kwa sababu aliilipa kwa mwili wake na kwa mfuko wa kijana.

Ndugu zangu, tajiri akituambia tufanye kazi Jumapili kumi bila malipo, ukumbi huu hautatosha siku ya mkutano. Kwa nini tunajifanyia wenyewe? Andika saa zako. Jilipe ujira wa fundi kwanza, halafu kinachobaki juu yake ndicho uite faida. Kisipobaki kitu, bei yako ni ndogo au kazi haifai.

Na kuna saa nyingine zisizouzwa kwa bei yoyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo tuliipigania kwa sababu. Dereva wa treni, mtu wa ishara au fundi wa breki aliyekesha akikata vyuma, akija zamu ya alfajiri anabeba roho za watu mikononi huku macho yamefumba nusu. Mwenye zamu ya usiku asishike greinda mchana wake.

6. MAPATANO, KARATASI NA MALI YA WATU

Chumba cha mahitaji ya mtu mmoja si kama sufuria za dukani. Ukikata dirisha mahali alipotaka yeye, ukaweka kitanda kwa kimo chake, hakuna mwingine atakayelitaka bila kulipunguza bei. Kwa hiyo usikate hata inchi moja kabla ya vitu viwili: mchoro wenye sahihi zenu wote wawili, na malipo ya kwanza yanayotosha kontena na vifaa. Malipo ya pili yaje chuma kikiisha, ya tatu siku ya kukabidhi. Akibadili shauri katikati, andika badiliko na bei yake, nyote mtie sahihi. Mteja akiwa shemeji yako, andika kwa herufi kubwa zaidi.

Jina la biashara liandikishwe katika Idara ya Usajili wa Biashara, na leseni ya kaunti ichukuliwe. Mahali pa kuweka kontena la kuishi panahitaji ruhusa ya kaunti kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Mwambie mteja jambo hilo kabla, asije akavunjiwa akasema hukumweleza. Kontena lililotoka ng'ambo liwe na karatasi ya kuonyesha kwamba ushuru wa forodha umelipwa.

Soma pia barua yako ya ajira na mapatano ya chama, uone yanasemaje juu ya kazi ya nje. Usisikilize maneno ya kantini. Njoo kwa Katibu msome pamoja.

Halafu, ndugu zangu, mali ya kazini. Kipande cha chuma kilicholala kwenye nyasi miaka mitatu si chako. Bolti moja ya reli si yako. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka leseni kwa wanaofanya biashara hiyo, na mnakumbuka kwamba Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu mali ya umma ilikuwa inaharibiwa. Mtu wa reli akikutwa na chuma nyumbani kwake, ndiye wa kwanza kuulizwa. Kila kipande ulichonunua kiwe na risiti, na risiti zote zikae katika faili moja. Chama kinaweza kukutetea ukionewa, lakini hakiwezi kukutafutia risiti ambayo haikuwahi kuandikwa.

Na yule kijana anayeshika chuma? Mpe ujira wake kila wiki, usimwambie angoje mteja alipe. Akikaa nawe miezi mitatu au zaidi, sheria inataka mapatano yake yawe ya maandishi. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake wakiumia kazini, na mwajiri ndiye wewe. Mtoto wa shule asiguse mashine ya kukatia.

Kwa mtaji, ningependa wanachama watatu au wanne waungane kuliko mmoja kukopa peke yake. Mmoja anajua kuchomelea, mwingine useremala, mwingine hesabu. Andikeni ubia wenu: nani ametoa nini, na akitoka atapewa nini. Mkitaka chama cha ushirika, sheria inahitaji watu wasiopungua kumi. Na mkopo wa Sacco usiumeze mshahara. Sheria hairuhusu makato yote pamoja yapite theluthi mbili za mshahara, lakini hata kabla ya kufika hapo nyumba yako itakuwa imekwisha kulia. Anza na kazi moja, limalize, lihesabu, ndipo uchukue la pili.

7. CHUMBA CHA CHUMA NA POSHO YA NYUMBA

La mwisho ndilo linalonifanya nisimame mbele ya chama, maana mengine ningeweza kuyasema kantini.

Nyumba ya mfanyakazi haikuanza kuwa hoja juzi. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa katikati ya madai yao. Januari 1947 watu wa bandari na wa reli waligoma tena pamoja na wengine mji mzima, na mshahara usiotosha kodi na chakula ulikuwa kilio chao. Leo kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha za kutosha kupanga nyumba inayofaa. Kifungu hicho kina jasho la wazee wetu ndani yake.

Sasa sikilizeni. Kontena lililojengwa vizuri, lenye hewa, kivuli, mlango wa ndani na stima salama, ni makao ya heshima kwa aliyeyachagua na kuyalipia. Kontena tupu lililopangwa jua kali, wamelazwa watu wanane ndani, ni bohari ya watu. Atakuja mteja mwenye kambi ya vibarua na kukuambia: niuzie kumi, usiweke dirisha, usiweke paa la pili, punguza bei. Kazi ni kubwa, fedha taslimu. Hapo ndipo utajulikana kama ulikuwa mwanachama kwa kadi tu. Watakaolala humo ni vibarua wenzetu. Mwambie bei ya chumba chenye dirisha, na kama hataki, aende. Mikono inayolipa ada ya chama isijenge sanduku ambalo chama kingegomea.

Wala tusikubali tajiri yeyote aseme kwamba kwa kuwa mafundi wake wana biashara za kando, nyongeza ya mshahara si lazima. Kazi ya kando ni juu ya mshahara, haichukui mahali pake. Anayepata elfu kumi kwa jasho la Jumamosi hajampunguzia tajiri deni la Jumatatu.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Ombi langu ni dogo. Wanaotaka kuanza kazi hii waje mkutano ujao na karatasi mbili: mchoro wa chumba, na hesabu yenye saa zao zimeandikwa na ujira wake. Tutazipitia pamoja, tukosoane hapa ndani kwa upole kabla soko halijatukosoa kwa ukali.